Sindano ya Mama, Mtumbwi wa Baba

Mwanamke akishona gauni na uzi ukafumuka, aibu yake ni ya siku moja. Atarudi nyumbani, atachukua sindano na kurekebisha. Lakini wako wanawake ambao kwa mamia ya miaka walishona kitu ambacho uzi wake ukifumuka, mume huenda asirudi nyumbani. Hao ni wanawake wa Greenland, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, kilichoko mbali sana kaskazini. Kitu walichokuwa wakishona ni mtumbwi mwembamba wa mume, uitwao kayaki.

Mpenzi msomaji, siku hizi kayaki zinajulikana karibu kila mahali. Watalii huzipanda ufukweni, na katika nchi nyingi wako watu wanaokwenda kuvua nazo baharini siku za mapumziko. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba kayaki ni chombo cha mchezo tu. Wachache wanajua kuwa ilianza kama chombo cha kutafutia riziki ya familia, na kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuitengeneza ilikuwa mikononi mwa mama wa nyumba. Katika makala hii tutazame jinsi familia hizo zilivyoishi na bahari, kwani lipo jambo la kujifunza kwetu sisi ambao waume, kaka na wana wetu hutafuta riziki majini.

Nchi isiyo na shamba

Karibu asilimia 80 ya Greenland imefunikwa na barafu mwaka mzima. Watu wake, ambao leo ni kama 57,000 tu, wanaishi ukingoni, kati ya barafu na bahari. Pwani yenyewe ni ya miamba mirefu na mahori yanayoingia ndani kati ya milima. Ukihesabu kila ghuba na kila hori, urefu wake unazidi kilometa 44,000. Mapande ya barafu makubwa kama majumba huelea baharini. Hata leo hakuna barabara inayounganisha mji mmoja na mwingine. Watu husafiri kwa maji, kwa ndege, au kwa sleji za mbwa kule kaskazini na mashariki.

Katika nchi ya namna hii huwezi kupanda mahindi wala mtama. Wainuiti, ambao ndio wenyeji, walipata karibu kila kitu baharini. Mnyama wao mkuu alikuwa sili. Nyama yake ilikuwa chakula. Shahamu yake ilitiwa katika taa ya jiwe, ikatoa mwanga, ikapasha nyumba joto na kuivisha chakula. Ngozi yake ilikuwa nguo, viatu, hema na vyombo vya kusafiria. Pamoja na sili walivua samaki na kuwinda nyangumi.

Kazi ziligawanywa waziwazi. Mwanamume alikwenda baharini na kuleta mnyama. Alipofika ufukweni, mke alimpokea mnyama huyo, akamchuna kwa kisu chake chenye umbo la nusu mwezi kiitwacho ulu, akagawa nyama na kutayarisha ngozi. Bila mume hapakuwa na nyama. Lakini bila mke, mume asingekuwa na nguo za kumkinga na baridi wala chombo cha kuendea baharini. Mwindaji ambaye hakuwa na mke ilimbidi ategemee sindano ya mama yake au ya dada yake.

Jinsi kayaki ilivyoshonwa

Kiunzi cha kayaki kilitengenezwa na mwanamume. Kwa kuwa miti ya kutosha haioti Greenland, alitumia magogo yaliyoletwa na mikondo ya bahari, mengi yakiwa yametoka katika mito ya mbali ya Siberia. Alipima chombo kwa mwili wake mwenyewe: urefu kwa kunyoosha mikono, na upana kwa nyonga zake. Kayaki iliyokamilika ilikuwa na urefu wa kama meta 5, lakini upana wake ulikuwa kama nusu meta tu. Ilimfaa yeye kama kiatu kinavyomfaa mwenye mguu.

Kiunzi kilipokuwa tayari, kazi ilihamia kwa wanawake. Ngozi za sili zilikwanguliwa shahamu, zikatolewa manyoya, zikalowekwa hadi zikawa laini. Kisha ziliunganishwa na kuvutwa juu ya kiunzi zikiwa bado mbichi. Hapa palihitajika haraka, kwa sababu ngozi ikikauka kabla ya kumaliza haivutiki tena. Kwa hiyo mwenye kayaki alialika wanawake kadhaa, wakakaa pande mbili za chombo na kushona pamoja mpaka kazi ikaisha. Nyumba iliyoalika iliwapa chakula. Wasichana walikaa karibu na mama zao wakitazama, na hivyo ndivyo walivyojifunza.

Mshono wenyewe ulikuwa wa ufundi wa hali ya juu. Kingo za ngozi zililazwa moja juu ya nyingine, zikashonwa mistari miwili. Sindano haikupita ngozi yote hadi upande wa pili. Iliingia katikati ya unene wa ngozi na kutokea upande uleule, ili pasiwe na tundu la kupitisha maji. Uzi ulitokana na kano za wanyama, kama vile kano za nyangumi. Uzi huu ukilowa huvimba, na kwa kuvimba huziba njia ya sindano. Mwishowe mishono ilipakwa mafuta. Ngozi ilipokauka ilikaza juu ya kiunzi kama ngozi ya ngoma.

Kazi haikuishia hapo. Mama alishona pia koti la ngozi lisilopitisha maji, liitwalo tuilik. Koti hilo lilikaza usoni na katika vifundo vya mikono, na chini lilifungwa kuzunguka tundu ambamo mume alikaa. Akiwa amelivaa, mtu na kayaki walikuwa kitu kimoja, na wimbi likimfunika maji hayakuingia ndani. Ngozi ya chombo ilichakaa upesi, ikabidi ivuliwe na kushonwa upya mara kwa mara, wakati kiunzi kiliendelea kutumika. Kila mara sindano ilirudi kazini.

Mtu mmoja juu ya maji ya barafu

Kayaki ilikuwa ya mtu mmoja. Mwanamume alitoka asubuhi na kafi lenye bapa pande zote mbili, chusa chake, kamba, na boya la ngozi ya sili lililojazwa hewa. Alimnyemelea mnyama bila kelele. Chusa kilipopata, mnyama alizama na kamba, na boya likaonyesha alipo. Lakini kamba hiyo ikinasa mkono au kafi, mnyama aliweza kumpindua mwindaji mara moja.

Wanaume waliojifunza vizuri waliweza kupinduka na kuinuka tena bila kutoka katika kayaki, kwa kuzungusha kafi chini ya maji. Ziko njia zaidi ya 30 za kufanya hivyo: kwa kafi zima, kwa kijiti cha kurushia chusa, hata kwa mkono mtupu. Hata hivyo, si kila mwanamume aliuweza ufundi huo. Asiyeuweza, akipinduka na hakuna mwenzake karibu, tumaini lilikuwa dogo.

Adui mkubwa alikuwa baridi. Maji yanayokaribia kuganda humshtua mwili aliyeangukia humo. Katika dakika ya kwanza mtu huhema kwa nguvu bila kujizuia, na akivuta maji huzama. Akivuka hapo, baada ya kama dakika 10 vidole na mikono hulegea, hawezi tena kushika kamba wala kafi. Hata akiendelea kuelea, joto la mwili hushuka na kwa muda wa kama saa moja hivi anaweza kupoteza fahamu. Kwa sababu hiyo mshono wa koti ulikuwa na thamani sawa na mshono wa mtumbwi.

Lilikuwapo tatizo jingine ambalo halikuonekana kwa macho. Siku ya utulivu, bahari ikiwa kama kioo na jua likimulika, mwindaji aliyekaa peke yake kimya kwa muda mrefu aliweza kushikwa na kizunguzungu cha ajabu. Aliona kama chombo kinajaa maji, kama kinapinduka, na hofu ikamfunga mikono. Madaktari wa Denmark waliandika juu ya hali hii tangu karne ya 19. Wako wanaume hodari ambao baada ya kupatwa nayo hawakuthubutu tena kwenda baharini, na nyumba zao zikakosa mtafutaji. Dawa iliyosaidia ilikuwa nyepesi: mwenzake asogeze kayaki yake karibu, amshike na kumsindikiza hadi nchi kavu. Akina mama, je, hatujaona mambo kama hayo katika nyumba zetu? Mume aliyeshikwa na hofu hahitaji kuchekwa. Anahitaji mtu wa kusogea karibu.

Mtumbwi wa akina mama

Isidhaniwe kwamba wanawake walibaki ufukweni siku zote. Wao walikuwa na chombo chao, kikubwa na cha wazi, kilichoshonwa pia kwa ngozi, kiitwacho umiaki. Majira ya joto familia zilihama kutoka makazi ya baridi kwenda kwenye kambi za uvuvi. Wanawake ndio waliopiga makasia, wakiwa wamebeba watoto, wazee, mahema na vyombo vya nyumbani. Wanaume waliwasindikiza kwa kayaki pembeni, wakiangalia barafu na upepo.

Kambini wote walifanya kazi. Samaki wadogo mfano wa dagaa, waitwao ammassat, walifika ufukweni kwa wingi. Akina mama na watoto waliwateka, wakawaanika juu ya miamba na kuwaweka akiba kwa ajili ya baridi. Mwaka ambao sili walikuwa haba, akiba hiyo iliokoa watoto.

Nyumba ya mjane

Katika kumbukumbu za vifo za Greenland za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kuzama na kayaki ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wanaume. Kila aliyezama aliacha nyumba. Mjane mwenye watoto wadogo alitegemea huruma ya ndugu mpaka mwanawe wa kwanza akue na kushika kafi.

Nchi hii ndiyo aliyofika Hans Egede, mchungaji wa Kilutheri kutoka Norwei, mwezi wa Julai 1721. Alikuja na mkewe Gertrud Rask na watoto wao wanne. Mwanzoni Gertrud hakulipenda wazo la safari hiyo, lakini baada ya kuomba aliikubali kwa moyo wote, na mara nyingi yeye ndiye aliyemtia mumewe nguvu. Mwaka 1733 ugonjwa wa ndui uliingia Greenland na kuua watu wengi sana. Egede na mkewe walifungua nyumba yao kwa wagonjwa na yatima. Gertrud aliwauguza mpaka nguvu zake zikaisha, akafariki mwaka 1735. Mtoto wao Poul, aliyekua akicheza na watoto wa Kiinuiti na kujua lugha yao vizuri, alikamilisha tafsiri ya Agano Jipya iliyochapishwa mwaka 1766.

Wengi humkumbuka Egede kwa mahubiri yake. Lakini kwa yatima aliyepoteza wazazi wake, huenda neno la kwanza la Injili lilikuwa mikono ya Mama Gertrud.

Kutoka ngozi hadi plastiki

Mambo hubadilika. Katika miaka ya 1920 bahari ya magharibi mwa Greenland ilipata joto kidogo, sili wakapungua upande wa kusini, na samaki aina ya chewa wa maji baridi wakaja kwa wingi. Wawindaji wengi waligeuka kuwa wavuvi. Mwanzoni baadhi yao walivua kwa mshipi wakiwa katika kayaki zilezile za kuwindia. Baadaye zikaja boti za mbao, kisha za injini, na kayaki za ngozi zikaanza kutoweka. Mwaka 1985 ilianzishwa Qaannat Kattuffiat, chama cha kayaki cha Greenland, ili vijana wasisahau ufundi wa babu zao. Kila mwaka hufanyika mashindano ya kitaifa, na wasichana nao hushindana. Kaskazini kabisa, upande wa Qaanaaq, wawindaji bado huwaendea baadhi ya nyangumi kwa kayaki na chusa.

Wakati huohuo kayaki ilisambaa duniani kwa sura mpya, ikiwa ya plastiki. Mahali pamoja inapotumika sana kwa uvuvi ni pwani ya Mendocino, kaskazini mwa jimbo la California nchini Marekani. Nako kuna majabali, mapango na mawimbi mazito. Maji ni baridi hata wakati wa kiangazi, mara nyingi nyuzi 10 hadi 12 tu za Selsiasi. Wavuvi huingia alfajiri kabla upepo haujavuma, wakitafuta samaki wa miambani. Wengi hukaa juu ya chombo, si ndani yake, na maji yanayoingia hutoka yenyewe kupitia matundu.

Hawana tena mke wa kuwashonea mtumbwi. Lakini wenye busara wanafuata kanuni ambazo mama wa Greenland angezielewa mara moja. Huvaa kwa kufikiria baridi ya maji, si joto la hewa. Huvaa jaketi la kujiokolea, hawaliweki tu chomboni. Hawaendi peke yao. Na kabla ya kuondoka humwachia mtu wa nyumbani maandishi: tunaingia hapa, tunavua pale, tutatoka saa fulani, tusipoonekana, piga simu kwa waokoaji. Kwa hiyo hata leo, uhai wa aliye majini unashikiliwa na mtu aliyebaki nchi kavu.

Na sisi je?

Kushona vyombo si jambo geni kwetu. Wazee wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na mtepe, jahazi ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila misumari. Leo ngalawa na mitumbwi yetu haishonwi, lakini familia zetu bado zinangoja ufukweni, iwe baharini, Ziwa Victoria au Ziwa Tanganyika. Yapo mambo ambayo mama anaweza kuyashughulikia kabla chombo hakijaondoka:

1. Ujue wanakwenda wapi, wako wangapi, na watarudi lini. Si udadisi, ni usalama. Ujue pia ni nani wa kumwarifu wakichelewa: uongozi wa wavuvi, polisi au majirani wenye boti.

2. Sikilizeni utabiri wa hali ya hewa redioni au katika simu. Wakionya juu ya upepo mkali, kubalini kukosa kitoweo siku hiyo.

3. Panapopatikana fedha kidogo, jaketi la kujiokolea litangulie kabla ya nguo ya sikukuu. Nalo livaliwe.

4. Simu ifungwe katika mfuko usiopitisha maji, na filimbi isikosekane.

5. Asiende peke yake. Na kijana ajifunze kuogelea kabla ya kujifunza kuvua.

Yapo pia maneno ya nyumbani. Ni mara ngapi baba ameondoka wakati bahari imechafuka kwa sababu tu ya kukimbia lawama kwamba hakuna unga? Neno la mke linaweza kumsukuma mume majini siku mbaya, na linaweza pia kumzuia. Kuweka akiba ya samaki wakavu, kama walivyofanya wale mama kambini, ni njia ya kumpa mume nafasi ya kusema, "Leo siendi."

Lakini lisemwe na hili ili tusimwonee mtu. Wanaume walizama hata katika kayaki zilizoshonwa vizuri kuliko zote. Bahari ni bahari. Kama wewe ni mjane wa mvuvi, usikae ukijiuliza ni mshono gani ulioukosea. Mama alipaswa kushona kwa uaminifu kadiri ya ujuzi wake. Upepo na mawimbi havikuwa mkononi mwake. Hayo yako chini ya Bwana.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 tunasoma juu ya Dorkasi, mwanamke wa Yafa, mji wa bandari. Alipofariki, wajane walikusanyika wakilia, wakamwonyesha Petro nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa pamoja nao. Hawakutaja hotuba yake hata moja. Walishika mishono yake mikononi.

Mama mpendwa, kazi yako ya leo huenda haionekani na wengi. Ni kifungo, ni kiraka, ni chakula kilichofungwa vizuri, ni swali la "mtarudi saa ngapi?" Ifanye kama mwanamke anayejua kwamba mtu atakaa juu ya mshono huo katikati ya bahari. Kisha mkabidhi Mungu yule anayeondoka, uwashe taa, na usubiri.